Tilde ni sehemu ya herufi: kuandika ĩ na ũ bila kuzipoteza njiani

Neno tuma likiandikwa bila alama yoyote, msomaji wa Kikuyu huelewa "shona". Likiwekewa kiwimbi, yaani tilde, juu ya u, likawa tũma, huelewa "tuma" kwa maana ileile tuliyo nayo katika Kiswahili, yaani kumpeleka mtu au kupeleka kitu. Anayesema alama hizi ni pambo la wasomi hajawahi kuchapisha kitabu, nyimbo za kanisani au programu ya mazishi kwa lugha hiyo. Sisi tunaosahihisha maandishi ya aina hii na kuyapangia kurasa tumejifunza kwamba kanuni yenyewe haina shida, mtu huielewa kwa muda mfupi tu. Shida ni kuifikisha herufi salama kutoka kwenye kibodi hadi kwenye karatasi. Kila mahali faili linapobadilisha mikono, tilde huweza kupotea, na mara nyingi aliyeipoteza hana habari.

Kikuyu kina irabu saba: a, e, ĩ, i, o, ũ, u. Kiswahili kina tano, na herufi za Kilatini za irabu ni hizohizo tano. Ili sauti mbili zilizobaki zisikose makao, i na u zikapewa tilde. Kikamba nacho kinatumia ĩ na ũ, na Kiembu na Kimeru vivyo hivyo, kwa hiyo ukijifunza kuzitunza kwa lugha moja umejifunza kwa zote. Ĩ iko kati ya i na e, ulimi ukiwa juu kidogo kuliko unapotamka e ya Kiswahili. Ũ nayo iko kati ya u na o.

Msomaji wa Kiswahili anayekutana na herufi hizi mara ya kwanza hukosea kwa njia mbili. Yupo anayeikumbuka tilde ya Kireno, ambako ã na õ hutamkwa kwa kupitisha hewa puani, naye akaanza kutamka Gĩkũyũ kwa pua. Hapa tilde haina uhusiano wowote na pua. Yupo pia anayeiruka tu na kuisoma ĩ kama i, ilhali angeisoma kama e angekaribia zaidi. Ramani inatoa ushahidi mzuri. Mji ambao wenyeji huuandika Nyĩrĩ umeingia kwenye ramani kama Nyeri. Irabu ileile moja imeandikwa e mwanzoni na i mwishoni, kwa sababu aliyeisikia hakuwa na herufi ya kuiwekea.

Tilde pia haionyeshi toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Kikuyu ni lugha ya toni, lakini maandishi ya kawaida hayaonyeshi toni hata kidogo, msomaji huijua kutokana na muktadha. Wanaisimu wakitaka kuionyesha huongeza mkwaju mdogo juu ya tilde yenyewe, ikawa ĩ́ na ṹ. Ukiona herufi zenye ghorofa mbili namna hiyo kwenye maandishi ya kitaaluma, usizisahihishe.

Anayejua ngeli za Kiswahili anaweza kukisia mahali pengi panapostahili tilde. M- ya mtu na mti huwa mũ-: mũndũ, mũtĩ. Mi- ya miti huwa mĩ-: mĩtĩ. Ki- huwa kĩ- au gĩ-, kama katika kĩrĩma, yaani mlima, na Gĩkũyũ. U- huwa ũ-, kama ũhoro, yaani habari. Ku- ya kitenzi huwa kũ- au gũ-, na tu- huwa tũ-. Kwa viambishi, kanuni hiyo inafanya kazi vizuri sana, na husaidia mno katika kusahihisha: ukiona mundu au muti bila tilde, huna haja ya kumuuliza mtu. Lakini mashina ya maneno hayafuati kanuni hiyo. Nyambura halina tilde. Mũthoni lina moja. Wanjikũ na Wairimũ yana i tupu katikati na ũ mwishoni. Wangarĩ lina ĩ mwishoni. Hapo hakuna kukisia. Ama una kamusi, ama una msomaji aliyezaliwa ndani ya lugha, ama humalizi kazi.

Kwa maoni yetu, kosa baya kuliko kuacha tilde ni kuitia kila mahali. Mchapaji mpya akishaambiwa kwamba i na u za Kikuyu huwa na alama, huanza kuzimwaga kwenye kila i na kila u. Maandishi yasiyo na tilde hata moja hujitangaza yenyewe kwamba hayajasahihishwa, na msomaji hujisahihishia. Yaliyojaa tilde za uongo yanaonekana kamili, hupita mikononi mwa watu watatu wasioijua lugha, kisha mama mwenye jina lake hulisoma siku ya hafla.

Kiswahili kimeepuka haya yote kwa sababu mkazo wake hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu tano zinatosheka na herufi tano. Hata hivyo si kweli kwamba hatuna cha kuonyesha. Barabara ya magari ina mkazo mahali pake pa kawaida, lakini barabara ya "sawasawa" hupandisha mkazo hadi silabi ya tatu kutoka mwisho, na anayetaka kuonyesha tofauti huandika barábara. Walakini ya "dosari" na walakini ya "lakini" hutofautiana kwa mtindo huohuo. Katika lahaja za Mombasa na kaskazini mwa pwani, t, p na k zina matamshi mawili, moja likisukuma pumzi. Ndiyo maana katika maandishi ya watafiti utakuta t'embo kwa mnyama na tembo kwa kinywaji, p'aa kwa mnyama na paa kwa nyumba, k'aa wa baharini na kaa la moto. Maandishi ya kila siku huviacha vyote hivyo, na hakuna anayepotea.

Tulichobaki nacho ni ritifaa, ile alama ya ' katika ng'. Hiyo si ya kuachwa: ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, ngoa ni uchu au wivu. Tutairudia, kwa sababu ina matatizo yake kwenye kompyuta, na majina kama Mũrang'a na Ndũng'ũ yana tilde na ritifaa pamoja.

Sasa kuchapa. Kila herufi ina msimbo wake: ĩ ni 0129, Ĩ ni 0128, ũ ni 0169, Ũ ni 0168. Katika Microsoft Word, na katika LibreOffice pia, unaandika msimbo pale unapotaka herufi kisha unabonyeza Alt na X. Gĩ huandikwa G0129, Alt+X. Njia hii ni nzuri kwa jina moja au mawili, ila ina mtego: programu husoma kuelekea nyuma, na herufi a hadi f nazo huhesabiwa kuwa sehemu ya msimbo. Ukitaka kuandika Gĩcũgũ, ukafika kwenye c ukaandika c0169, programu itadhani msimbo ni c0169 wote na kukuletea kitu kisichojulikana, au isilete chochote. Dawa ni kuzichagua tarakimu nne peke yake kwa kipanya kabla ya kubonyeza Alt+X, au kuandika U+0169 badala ya 0169.

Kwenye Linux, mara nyingi ni Ctrl, Shift na U kwa pamoja, kisha msimbo, kisha Enter. Kwenye Mac, ongeza kibodi inayoitwa ABC Extended katika mipangilio. Baada ya hapo Option na N huandaa tilde, nayo hukaa juu ya herufi utakayobonyeza baadaye. Kwenye simu, shikilia i au u mpaka orodha itokee, lakini angalia vizuri unachokichagua. Katika orodha hiyo huenda kukawa na ī yenye mstari mnyoofu, ĭ yenye kikombe, î yenye kikofia na ï yenye nukta mbili, na kwenye kioo kidogo zote zinafanana. Ukiwa unaandika Kikuyu kila siku, weka kibodi ya lugha hiyo kama simu yako inayo, uachane na kushikilia vitufe.

Kwa maandishi marefu tunapendelea mbinu ya herufi za muda. Alfabeti ya Kikuyu haina q wala x. Kwa hiyo mchapaji huandika q kila panapostahili ĩ na x kila panapostahili ũ, mwendo wake haukatiki, na akimaliza hubadilisha zote kwa amri ya kutafuta na kubadilisha. Gqkxyx huwa Gĩkũyũ. Hatua ni nne, kwa mpangilio huu: washa kipengele cha kutofautisha herufi kubwa na ndogo, badilisha q, badilisha x, kisha Q na X. Usipowasha kipengele hicho, herufi kubwa mwanzoni mwa sentensi zinaweza kuharibika. Mtego mkubwa zaidi uko kwenye majina ya kigeni. Alex huwa Aleũ, Xavier huwa Ũavier. Kwa sababu hiyo usibonyeze "badilisha zote" kabla ya kutafuta kwanza maneno yenye x na q halisi na kuyaweka kando. Kwenye programu ya mazishi, ambamo majina ya ubatizo yamejaa, pitia moja moja.

Tuje kwenye makabidhiano, ambako kazi nyingi huharibika.

Kompyuta ina njia mbili za kuhifadhi ĩ. Ya kwanza ni herufi moja kamili, 0129. Ya pili ni i ya kawaida ikifuatwa na tilde inayoelea, ambayo ina msimbo wake, 0303, na programu huzibandika pamoja inapoonyesha. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta, neno Gĩkũyũ lina herufi sita kwa njia ya kwanza na tisa kwa njia ya pili. Ukitafuta Gĩkũyũ kwenye faili lililoandikwa kwa njia nyingine, baadhi ya programu zitakuambia neno halipo, nawe unaliona mbele yako. Orodha ya majina hupata mtu mmoja mara mbili. Faharasa ya kitabu hugawanyika.

Kipimo chake ni rahisi: weka kishale cha kuandikia mara tu baada ya ĩ na ubonyeze kitufe cha kufuta kurudi nyuma (Backspace) mara moja. Katika programu nyingi, herufi kamili hufutika yote. Ikiwa tilde pekee imeondoka na i imebaki imesimama na nukta yake, faili lako lina herufi za vipande. Kabla ya kulipeleka popote, ligeuze lote liwe la herufi kamili. Tafuta i inayofuatwa na 0303 na uibadilishe kuwa ĩ, halafu u, halafu herufi kubwa zake. Programu nyingi za kuhariri matini zina amri inayofanya kazi hiyo kwa mkupuo, na umbo la herufi kamili huitwa NFC. Vipande huingia hasa kupitia maandishi yaliyonakiliwa kutoka PDF, na kupitia majina ya mafaili yaliyotoka kwenye Mac za zamani.

Aina ya pili ya uharibifu hujionyesha yenyewe, na ukijua kusoma dalili unajua kama mgonjwa atapona. Ukiona GÄ©kÅ©yÅ©, usihuzunike. Faili limeandikwa kwa UTF-8, mfumo wa kisasa wa kuhifadhi herufi, na limefunguliwa kama la Windows ya zamani, kwa hiyo kila herufi yenye tilde imeonekana kama alama mbili. Hakuna kilichopotea. Lifunge bila kuhifadhi, lifungue tena ukichagua UTF-8. Kwenye Excel hutokea sana mtu anapobofya faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama matini tupu, mara mbili. Badala yake, liingize kupitia menyu ya data, na panapoulizwa asili ya faili uchague 65001, yaani UTF-8. Ukiona G□k□y□, herufi zipo salama na fonti ndiyo isiyo na umbo lake, basi badilisha fonti. Lakini ukiona G?k?y?, hapo kuna mfumo uliopokea herufi usiyoijua ukaiandika alama ya kuuliza mahali pake. Alama hiyo ya kuuliza ni alama ya kuuliza kweli sasa. Rudi kwenye faili la awali. Kama halipo, utachapa upya.

Aliyefanya kosa mara nyingi ni yule aliyefungua faili la CSV kwa kubofya, akaona vitu vya ajabu, akahifadhi hivyohivyo na kulituma mbele. Ndiyo maana tunawaomba watu wanaotuletea kazi watume faili la kwanza kabisa, hata kama limechapwa vibaya.

Kisha kuna urithi wa fonti za zamani. Seti ya herufi ya Ulaya Magharibi iliyotumika kwenye kompyuta nyingi ilikuwa na ã, ñ na õ, lakini haikuwa na ĩ wala ũ. Watu wakatengeneza fonti ambazo ndani yake î au herufi nyingine imechorwa ikiwa na sura ya ĩ. Ukurasa ukichapwa, unapendeza. Ukibadilisha fonti, tilde zote hugeuka vikofia au nukta mbili. Faili la namna hiyo hurekebishwa kwa kuorodhesha kwanza kila herufi isiyo ya kawaida iliyomo, na kuandika kwenye karatasi kila moja inasimama badala ya nini kwa kulinganisha na nakala iliyochapwa. Baada ya hapo ndipo unabadilisha, moja baada ya nyingine. Angalia kama faili lina sehemu za Kifaransa pia, kwa sababu î ya Kifaransa ni î kweli, na ukibadilisha zote kwa pamoja utaharibu île na maître.

Hata fonti mpya hudanganya. Mbunifu huchagua fonti nzuri ya kichwa cha bango, fonti haina ũ, na programu kwa ukarimu wake huiazima ũ kutoka fonti nyingine bila kumwambia. Matokeo ni jina ambalo herufi moja ni nene au imeinama tofauti na wenzake. Kabla ya kukubali fonti yoyote, chapa mstari huu: Ĩĩ Ũũ Gĩkũyũ MŨRANG'A Ndũng'ũ. Uchape kwa herufi za kawaida, nzito na za mlazo, kwa ukubwa wa pointi 9 na wa pointi 40. Kwenye pointi 9 utaona kama tilde inatofautika na mstari mnyoofu. Kwenye pointi 40 utaona kama inagusana na i au inaelea mbali nayo. Fonti moja inaweza kuwa na ĩ katika umbo la kawaida na isiwe nayo katika umbo zito, kwa hiyo usiruke hata moja.

Herufi kubwa zina shida yake. Ĩ na Ũ ni ndefu kuliko herufi yoyote kwenye mstari, na nafasi ya mistari ikifungwa kwa kipimo kamili katika Word, kichwa cha tilde hukatwa. Kwenye kioo huenda ikaonekana, kwenye karatasi isionekane. Weka nafasi ya mistari iwe ya kuzidisha badala ya kipimo kamili, au uongeze pointi 2 au 3. Angalia pia mstari wa kwanza ndani ya seli ya jedwali, maana huko hukatwa zaidi.

Kusahihisha prufu ya maandishi haya kunahitaji kusoma mara mbili kwa macho tofauti. Mara ya kwanza soma maana kama kawaida. Mara ya pili usisome maana kabisa. Tafuta majina tu na uyalinganishe na orodha iliyothibitishwa na mwenye maandishi, kwa sababu jina moja huweza kutokea mara nyingi katika kurasa nane na kuandikwa kwa namna tatu: Wanjikũ kwenye jalada, Wanjiku kwenye wasifu, Wanjikū kwenye maelezo ya picha, yenye mstari mnyoofu badala ya tilde. Hiyo ya tatu haionekani kwa macho ya uchovu. Inanaswa na kompyuta: katika programu ya kuhariri matini inayokubali kutafuta kwa ruwaza, tafuta [^ -~] na itakuonyesha kila herufi iliyo nje ya zile za kawaida za Kiingereza. Katika maandishi ya Kikuyu unatarajia kuona ĩ, ũ, herufi kubwa zake, na ritifaa na alama za kunukuu zilizopinda. Kingine chochote kina maelezo au ni kosa. Maandishi yaliyotoka kwenye skana yanahitaji hatua hii zaidi ya yote, kwani mashine husoma ũ kama ü au û, na ĩ kama ï au i tupu.

Wenzetu wanaoandika Kiswahili na Kifaransa kwa pamoja, kama ilivyo Lubumbashi, Goma au Bujumbura, wanakutana na mambo yaleyale kwa sura nyingine. Kifaransa kina mkwaju wa kupanda, mkwaju wa kushuka, kikofia, nukta mbili na mkia wa ç. Baadhi hubadilisha sauti, kama é na è. Baadhi hutenganisha maneno tu: ou ni "au", où ni "wapi", sur ni "juu ya", sûr ni "hakika". Pécher ni kutenda dhambi na pêcher ni kuvua samaki, jambo la kuangaliwa sana na anayechapa mahubiri. Kosa tunalolikuta zaidi ni herufi kubwa kuachwa bila alama kwa dhana kwamba hazihitaji. Zinahitaji, na Académie française yenyewe inasema hivyo. Kichwa cha habari POLICIER TUE kinasema polisi anaua, na POLICIER TUÉ kinasema polisi ameuawa. Kwenye AZERTY, kibodi ya Kifaransa, é ndogo iko kwenye kitufe cha 2, lakini kubwa yake haina kitufe. Kwenye Windows shikilia Alt na uandike 0201 upande wa tarakimu kwa É, 0200 kwa È, 0192 kwa À, na 0199 kwa Ç.

Majina kwenye hati za serikali ni suala tofauti, na hapa ushauri wetu huwashangaza watu. Usiongeze tilde kwenye fomu rasmi ikiwa kitambulisho chako hakina. Mfumo unaolinganisha hati mbili hauijui lugha. Unajua tu kwamba Muriuki na Mũriũki si mfuatano mmoja wa herufi. Mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa pasipoti, ile inayosomwa na mashine, haikubali alama yoyote. Kanuni za kimataifa zinaruhusu A hadi Z, tarakimu na alama ya < peke yake, kwa hiyo Ĩ huwa I, Ũ huwa U, na ritifaa huondolewa ili Ng'ang'a isomeke NGANGA. Tiketi ya ndege ifuate mistari hiyo. Fomu nyingi za mtandaoni nazo hukataa ritifaa. Ikikataliwa, andika bila kuacha nafasi mahali pake, maana Ng ang a litahesabiwa kuwa majina matatu. Mahali ambapo jina ni lako na familia yako, yaani kitabu, jiwe la kaburi, kadi ya arusi, liandike kamili. Kwa jiwe la kaburi, mpe mchongaji karatasi yenye jina kwa ukubwa utakaochongwa, si ujumbe wa simu, na uende kuona michoro ya kalamu kabla patasi haijagusa jiwe.

Ujumbe wa simu unatuleta kwenye gharama, ambayo vikundi na makanisa yanayotuma matangazo kwa watu mia kadhaa huigundua kwenye bili. SMS ya kawaida hubeba herufi 160, mradi zote zimo katika seti moja ndogo ya herufi iliyowekwa kwa ajili ya simu. Seti hiyo ina é, è, à na ñ. Haina ĩ wala ũ. Herufi moja ya nje ikiingia, hata moja tu, ujumbe wote hubadilishwa mfumo na nafasi hushuka hadi 70. Ujumbe mrefu unaogawanywa hubeba 153 kwa kila sehemu katika mfumo wa kwanza, na 67 katika wa pili. Kwa hiyo tangazo la herufi 300 hulipiwa sehemu 2 bila tilde na sehemu 5 likiwa na ũ moja.

Na hapa ndipo ritifaa inaporudi, kwa sababu huwanasa hata wanaoandika Kiswahili kitupu. Ritifaa iliyonyooka ' imo katika seti ndogo. Ile iliyopinda ’ haimo, na Word huipinda yenyewe unapoandika ng'ombe. Tangazo la Kiswahili lililoandikwa kwenye Word kisha likabandikwa kwenye mfumo wa kutuma SMS huweza kulipiwa zaidi ya mara mbili kwa sababu ya ng’ moja. Alama za kunukuu zilizopinda na kistari kirefu hufanya vivyo hivyo. Dawa ni kulibandika kwanza kwenye programu ya matini tupu, kutafuta kwa ile ruwaza ya [^ -~], na kunyoosha kila kilichopinda. Kwa tangazo la Kikuyu, tunashauri faili mama libaki na tilde zake zote, na nakala ya SMS itengenezwe kutoka kwake bila tilde na kuitwa jina lake lenyewe, ili mwaka ujao mtu asije akaichukua hiyo iliyovuliwa na kuichapisha kitabuni. Ikiwa tangazo ni la msiba, bakiza tilde kwenye jina la marehemu, ufupishe maneno mengine yaingie kwenye herufi 70, na ulipie sehemu moja.